Karatasi ya Wembe

Duka nililofanyia kazi lilikuwa ghorofani, Nyamagana, Mwanza, juu ya duka la nyavu za kuvulia. Tulichapa na kutoa fotokopi. Mwenye duka alikuwa karani wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, naye akachukua mafao yake akanunua mashine ya fotokopi, taipureta na kompyuta. Mimi nilikuwa na darasa la saba na cheti cha kupiga chapa nilichokipata kwa masista. Nilipanga chumba Pasiansi.

Kazi yetu kubwa miaka ile ilikuwa misiba. Ratiba za mazishi, matangazo ya kupeleka redioni, historia fupi ya marehemu. Niliyazoea maneno yake hadi vidole vikawa vinakwenda vyenyewe: aliugua kwa muda mrefu, aliugua kwa muda mfupi, aliugua ghafla. Sikumbuki kuchapa jina la ugonjwa hata mara moja. Ndugu wa marehemu walisimama nyuma ya kiti changu wakinitajia tarehe, na tulipofika mahali pa kueleza alikufa kwa nini, walitazama dirishani. Nami niliruka mstari nikaendelea.

Intaneti ililetwa na mafundi kutoka Dar es Salaam, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Ilipita kwenye waya uleule wa simu na faksi, kwa hiyo mtu akipiga simu dukani kila kitu kilikatika na kuanza upya. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa viwanda vya minofu ya sangara, waliotaka kuwasiliana na wanunuzi wa Ulaya. Baada yao alikuja muuguzi.

Alikuwa mama mtu mzima, amestaafu hospitali ya serikali. Kamati ya afya ya kanisa lao ilimpa kazi ya kutafuta habari za UKIMWI na kuziandika kwa Kiswahili ambacho watu wa mialoni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, wangekielewa. Alikuwa amegundua kwamba wapo madaktari wa nchi mbalimbali wanaoandikiana kwa imeili. Mtu anauliza jambo leo, kesho anajibiwa na daktari wa Uganda, na mwingine wa Brazili, na hawajuani hata sura. Yeye alinitajia swali kwa Kiingereza chake cha hospitali, herufi kwa herufi pale nilipokwama, na mimi nilipiga.

Kurasa ziliteremka polepole, mstari mmoja mmoja, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu.

"Mashine yako hii inakwenda kama ng'ombe anayepelekwa josho," alimwambia mwenye duka.

"Mama, hapa unalipia dakika. Ukinichekesha nakuongezea."

"Niongezee tu. Analipa mwenyekiti, na mwenyekiti hajui dakika ni nini."

Alikuwa mcheshi namna hiyo. Lakini ukurasa ukishakaa wote kwenye kioo alivaa miwani na kunyamaza. Siku moja alisoma sehemu ndefu iliyohusu dawa mpya walizoanza kutumia huko Ulaya na Marekani, dawa ambazo mgonjwa aliyekuwa anakufa anainuka kitandani anarudi kazini. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hii tusiiandike. Huku haipo." Akaniambia niende ukurasa unaofuata.

Karatasi aliyoitunga ilikuwa na sehemu nne, na nilizichapa zote. Ya kwanza, ndefu kuliko nyingine, ilisema ugonjwa huu unaenea zaidi kwa mwanamume na mwanamke kulala pamoja, kwamba mtu anaweza kuwa nao miaka mingi akiwa amenawiri, na kwamba mjane ambaye mumewe ameuugua asirithiwe na ndugu wa mumewe wala asitakaswe kwa kulala na mwanamume kabla yeye na anayemrithi hawajapimwa. Ya pili ilihusu damu ya kuongezewa. Ya tatu, mama na mtoto. Ya nne, mistari michache tu, ilihusu nyembe na sindano.

Mwenyekiti wa kamati alipanda ngazi kuja kuisoma kabla haijatolewa fotokopi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mtaratibu, mwenye kusafisha viatu mlangoni hata kama hakukuwa na tope. Aliisoma amesimama.

"Hii haiwezi kubandikwa mlango wa kanisa," alisema.

"Kwa nini, Mwalimu?" muuguzi akamuuliza.

"Watoto wa shule ya Jumapili watasimama pale kusoma. Mama zao watasimama nyuma yao. Na hili la kurithi, kuna wazee wa kanisa wawili ambao wenyewe wamerithi. Nitawaangalia vipi? Tuanze na hii ya nne. Wembe haumuudhi mtu."

"Mwalimu, nimeuguza watu wa ugonjwa huu mpaka nikastaafu. Sijaona hata mmoja ambaye ninaweza kuapa kwamba aliupata kwenye wembe."

"Na mimi nimezika, mama. Nimezika na wa kwangu. Sijasikia ndugu hata mmoja aliyekubali kwamba mtu wake aliupata kwa njia nyingine."

Sote tulijua kwamba wa kwake alikuwa kijana wake wa kwanza.

"Tuanze na wembe," mwenyekiti alisema tena, kwa upole. "Wakishazoea karatasi, tutaleta hayo mengine."

Basi nilifuta tatu nikabakiza moja; ile nzima muuguzi aliikunja akaiweka mkobani. Mwenye duka, ambaye alipenda kazi yake ionekane, aliweka wembe mpya juu ya kioo cha mashine ya fotokopi akafunika. Ulitoka mweusi mweusi, mkubwa kuliko ulivyo, matundu yake ya katikati yakionekana vizuri. Chini yake nilichapa kwa herufi kubwa: MTU MMOJA WEMBE MMOJA. Tukatoa nakala nyingi, zikapelekwa kwa mabasi na mitumbwi hadi mialo ya Mwanza na ya Mara.

Sijawahi kuona karatasi ikipokewa hivyo. Ilibandikwa makanisani, kwenye zahanati, kwenye mabanda ya chai, kwenye vioo vya vinyozi. Vibanda viliishiwa nyembe. Kwetu ziwani, baada ya mazishi, huwa kuna siku ya kunyoa. Wafiwa wote wananyolewa kwa pamoja, na zamani wembe ulikuwa mmoja, unaanzia kwa wakubwa unaishia kwa watoto, kwa sababu msiba ni mmoja. Baada ya karatasi ile watu walianza kwenda kunyolewa kila mtu na wembe wake mfukoni. Muuguzi aliwaandikia madaktari wake habari hizo, na majibu yalikuja ya kumpongeza, moja kutoka India lenye alama nyingi za mshangao. Aliyasoma bila kuvaa miwani vizuri, akaniambia nifunge.

Nilianza kuelewa kilichokuwa kinamsumbua pale pale kwenye kiti changu. Watu wa ratiba za mazishi sasa hawakutazama dirishani tena. Walisema wenyewe, bila kuulizwa: ni kinyozi. Alichanjwa kwa mganga. Alikatwa na wembe wa jirani. Walisema kwa wepesi, kama watu waliopewa mahali pa kukaa.

Mume wa mdogo wangu naye alisema hivyo. Mdogo wangu, tuliozaliwa wawili tu kwa mama yetu, alikuwa ameolewa na ukoo wa wavuvi upande wa Mara, kwenye mwalo ambao ukitoka Mwanza asubuhi kwa basi unafika jua limeanza kushuka. Mumewe alikuwa wakala, akikusanya sangara kwa ajili ya malori ya barafu ya viwandani. Alikuja mjini mara nyingi, alilala mjini mara nyingi. Nilipokwenda kumwona, shavu limeingia ndani na macho yamekuwa makubwa, aliniambia, "Shemeji, ni yule kinyozi wa stendi. Nilijua tu wembe wake mchafu." Nikamwambia pole. Alifariki kabla ya mavuno.

Tulimzika, watu wakakaa matanga, na siku ya kunyoa ikafika. Shangazi wa marehemu, mama mrefu aliyewatawala watu wa pale kwa sauti tu, alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni la maji mbele yake, na rundo la nyembe mpya katika karatasi zake. Kila aliyefika alichukua mmoja, akaufungua mwenyewe, akampa.

"Njoo, mtu wa mjini," aliniita. "Si ninyi mlioleta karatasi? Tumetii."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa hapa. Zamani wembe mmoja ulimaliza ukoo mzima. Mtu wa mwisho hanyolewi, anang'olewa." Watu wakacheka, hata mdogo wangu aliyekuwa ameinamisha kichwa akacheka kidogo. "Sasa tumestaarabika. Hata marehemu angepata karatasi hii mapema, tungekuwa naye hapa."

Mdogo wangu alinyolewa kwa wembe wake mpya. Wembe ulipomaliza kazi shangazi aliutupa chooni, kama karatasi ilivyoagiza. Kisha akatangaza, kwa sauti ileile, kwamba ukoo umekaa, na mdogo wa marehemu ndiye atakayesimamia nyumba. Maana yake kila mtu aliijua. Siku inayofuata, jua likishuka, angeingia katika nyumba ya mdogo wangu na kulala humo, na kuanzia hapo angekuwa mkewe.

Mdogo wa marehemu alikuwa na mke na mtoto anayenyonya. Alikuwa mtu wa nguvu, mfupi, mwenye kupenda mzaha, na watoto wa marehemu walimganda. Namwita shemeji, kama nilivyomwita kaka yake.

Nilimfuata mdogo wangu nyuma ya jiko, akichambua mboga.

"Utakubali?"

"Nikikataa nitakwenda wapi, dada? Kwenye chumba chako cha Pasiansi, mimi na watoto watatu? Na watoto wenyewe sitapewa. Watoto ni wa ukoo."

"Unajua mumeo alikufa kwa nini."

"Najua." Aliendelea kuchambua. Kisha akavuta kanga pembeni akanionyesha mbavuni. Palikuwa na makovu meusi, yamezunguka kutoka mgongoni kuja mbele. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Hakuna aliyekuwa hajui miaka ile kwamba mtu mzima akitoka mkanda wa jeshi, mengine yanafuata.

"Umemwambia shemeji?"

"Nimwambie nini? Nikimwambia nafukuzwa leo, na mahindi yangu yako shambani. Mwambie wewe, kama unaweza. Mimi siwezi. Lakini ukimwambia, dada, ujue umenifukuza wewe."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Shemeji akiingia nyumba ile, yeye na mkewe na pengine mtoto wao mchanga wangepotea. Asipoingia, mdogo wangu angetolewa kwenye nyumba na kwenye watoto wake akiwa mgonjwa. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado sioni upande wa tatu.

Kesho yake mchana shemeji alikuwa juu ya paa la jiko la mdogo wangu. Ni desturi, anayerithi lazima atengeneze kitu katika nyumba kabla ya kuingia, hata kama kitu chenyewe hakijaharibika. Alikuwa anapigilia bati. Nilisimama chini ya ngazi.

"Shemeji, shuka tuongee."

"Ongea tu, nakusikia. Nikishuka shangazi atasema nimechoka."

Nikamwambia. Sikumtaja mdogo wangu. Nilisema kwamba ugonjwa wa kaka yake ni UKIMWI, kwamba unaenea kwa kulala pamoja kuliko kwa njia nyingine yoyote, na kwamba mtu asimrithi mjane kabla wote wawili hawajapimwa. Mjini kuna hospitali kubwa wanakopima. Ningemlipia nauli.

Aliacha kugonga.

"Nani kakwambia hayo?"

"Yameandikwa."

"Wapi? Karatasi yenu ile iko kanisani, naisoma kila Jumapili mahubiri yakiwa marefu. Nina darasa la saba kama wewe. Imeandikwa wembe."

"Ile ilikatwa. Nzima ilikuwa na sehemu nne. Hili lilikuwa la kwanza."

"Nani aliikata?"

"Kamati. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu."

"Kamati ya kanisa. Kwa hiyo waliona ni uongo."

"Hawakuona ni uongo. Waliona ni aibu."

Alicheka, si kwa ubaya. Alikaa juu ya bati akaniangalia. "Shemeji, mtu na akili zake aone mwenzake anaingia kwenye moto, anyamaze kwa sababu kumwita ni aibu? Tena mwalimu? Kama lingekuwa kweli, mngeliandika. Mmetuletea picha ya wembe kubwa kama jembe, hili la kutuua wote mkaliacha?"

Nilishika ngazi kwa mikono miwili.

"Naelewa uchungu wako," alisema. "Unaona mdogo wako anapewa mwanamume asiyemtaka. Lakini sitamtesa. Na watoto wale nani atawalisha? Nipe huo msumari hapo chini."

Ulikuwa umeangukia karibu na mguu wangu. Niliuokota nikampa.

Jua liliposhuka aliingia nyumba ile. Nikaondoka na basi la asubuhi. Shangazi alinifungia samaki waliokaushwa.

Dukani nilimweleza muuguzi. Siku ile ile aliwaandikia madaktari wake: mtu aliyelala na mwenye ugonjwa huu mara moja, je, lazima awe ameupata? Simu ilikatika mara kadhaa tukituma swali hilo. Jibu lilikuja kwamba si lazima, ila apimwe, na mpaka apimwe asiendelee. Nilirudi tena mwaloni kabla mwezi haujaisha. Shemeji alinipokea mizigo yangu stendi. "Nitazame," alisema, akajipiga kifuani. "Mimi huyu ni mgonjwa?" Alikuwa amenawiri kweli. Mke wake, yule wa kwanza, alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni, akinitazama.

Muuguzi alikwenda kwa mwenyekiti na karatasi nzima mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu mwenyekiti alimwambia, "Nipe muda, mama." Sikuwepo, ni yeye aliyenisimulia. Alisema alishindwa kumkasirikia yule mzee.

Mdogo wangu alifariki mvua za vuli zilizofuata. Sitaeleza alivyokufa. Nilimwogesha mwenyewe, alikuwa mwepesi. Watoto walibaki na shemeji na mkewe, na aliwatunza kama alivyoahidi. Kwa hilo sina la kumlaumu.

Miaka michache baadaye shemeji akaanza kukohoa. Alikuja Mwanza na mkewe kutafuta matibabu, wakafikia kwangu Pasiansi, wao kitandani, mimi na mtoto chini. Hospitali walimpima, naye akaniambia majibu mwenyewe, tukiwa tumekaa nje ya chumba, kama mtu anayetoa taarifa ya safari. Mkewe naye akapimwa. Ilikuwa hivyo hivyo.

Siku moja alisema anataka kuiona hiyo mashine. Kupanda ngazi za duka kulimchukua muda mrefu, akipumzika kila hatua kadhaa. Mwenye duka alimpa kiti chake. Muuguzi alikuwepo, na wateja walikuwepo, wawili wamekuja kwa ratiba ya msiba. Muuguzi aliufungua ule ukurasa wa madaktari, akangoja ushuke wote, akamsomea kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kawaida, sehemu ya kwanza yote. Mmoja wa wale wateja alitoka nje.

"Ilikuwa humu?" shemeji akaniuliza.

"Ilikuwa humu."

"Siku ile nikiwa juu ya paa?"

"Ilikuwa humu, shemeji."

Aliangalia kioo kwa muda. "Herufi zenyewe ndogo," alisema. Kisha akamwambia mwenye duka, "Nitolee ile nzima. Bila picha. Picha inawapotosha watu." Mwenye duka aliitoa, wala hakuuliza kamati. Shemeji alinikabidhi mimi. "Siku ya kuninyolea, isome. Usimwachie mchungaji wala mwalimu. Wewe ndiye ulinieleza nikakataa."

Tulimrudisha kwao akiwa hai, kwa shida. Hakukaa sana.

Siku ya kunyoa nilisimama karibu na beseni la shangazi nikasema nina maneno ya marehemu. Mchungaji alitaka kujua kwanza ni maneno gani. Shangazi akamwambia, "Mwache asome, wewe umeshahubiri." Sauti yangu si kubwa. Niliposoma kuhusu mjane na kurithiwa, watu walitazama chini, na mama mmoja akavuta binti yake akamwondoa. Mbele yangu alikaa mdogo wa mwisho wa marehemu, kijana ambaye hakuwa ameoa bado. Ukoo ulikuwa umeshakaa, na yeye ndiye aliyekuwa amepangiwa nyumba hii.

"Rudia hapo," shangazi alisema.

Nikarudia.

"Ndipo palipokatwa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Aliyekata, yeye kwao hawafi?"

"Wanakufa. Naye alimzika mtoto wake."

Aliusuuza wembe kwenye beseni. Shangazi yule alikuwa amenyoa vichwa vya ukoo huo tangu yeye binti. "Basi na yeye alijua," alisema. Halafu akamwita mtu aliyefuata, akaendelea kunyoa.

Jioni wazee walimwita kijana. Nilikuwa jikoni na wanawake, tukasikia kila kitu, maana hawakunong'ona. Mzee mmoja alimwambia nyumba ya kaka yake itabomoka. Akajibu, "Ibomoke." Akaambiwa amelogwa na maneno ya mjini. Akasema huenda. Akaambiwa hatapewa sehemu yake ya mitumbwi. Akasema sawa. Mke wa marehemu alikuwa ameketi karibu nami, mtoto amelala mapajani, akisikiliza watu wakimkataa. Sikujua nimtazame vipi.

Kijana aliondoka, nikasikia amekwenda machimboni Geita. Na hakukuwa na mwingine. Ukoo uliokuwa na wanaume wengi ulikuwa umebaki na wazee na watoto. Nyumba ilikosa wa kuisimamia. Msimu uliofuata shamba lilipewa mtu mwingine, paa likaanza kuvuja, hakuna aliyepanda kulitengeneza. Mjane wa shemeji alikuja mjini na watoto wote, wake na wa mdogo wangu, akashukia kwangu. Alikaanga dagaa akauza pembeni ya barabara mpaka miguu ilipokataa. Hakuwahi kunilaumu. Mara moja tu, nikimpaka mafuta mgongoni, alisema, "Karatasi yako ilimwokoa yule kijana. Sawa. Lakini ulipokuwa unasoma, dada, mimi nilikuwa nimekaa pale, na kila mtu alinitazama kama nyoka." Nikamwambia najua. Akasema, "Haya, paka na huku."

Alikufa kwangu, Pasiansi. Kamati ilikuja kubandika karatasi nzima baadaye, mwenyekiti mwingine akiwa ameshika nafasi, na wakati huo mambo hayo yalikuwa yanasemwa hata redioni.

Kijana yule yuko hai. Alirudi kutoka machimboni, akaoa, ana watoto wakubwa, anafanya biashara ya dagaa visiwani. Akija Mwanza hupita kunisalimu, akawasalimu watoto wa kaka zake, akakaa kidogo. Chai hanywi. Mwaka mmoja, ameshasimama mlangoni anavaa viatu, aliniuliza kama yule mama alipata tabu sana mwishoni.

Nikamwambia ndiyo, alipata tabu.

Akamaliza kufunga kamba za viatu, akaenda stendi.